Doom ya 2005: shetani mwenyewe kavaa gwanda

Niseme mapema kabisa, humu naeleza muvi mpaka mwisho, nani kafa, nani kabaki, nani kageuka, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa uhondo ishia hapa hapa. Ila na muvi yenyewe, iliyotokana na gemu ya Doom, ni ya Oktoba 2005, kama bado ulikuwa unajipanga kuiona basi hilo ni la kwako.

Nimeiangalia mara tatu mpaka sasa. Ya kwanza niliichukia. Ya pili nilirudi kwa ajili ya zile dakika tano tu ambazo kila aliyewahi kushika gemu anazijua, nikaruka kila kitu nikaenda moja kwa moja huko, nikafunga. Ya tatu ndo nikakaa nayo mwanzo mwisho, na safari hii nikaacha kuisubiri iwe gemu, nikaiangalia kama muvi ya wanajeshi na bosi wao, na hapo ndo nikashtuka, kumbe humu ndani kuna kitu cha maana kimelala na sidhani kama wenyewe waliotengeneza walijua wanacho.

Stori ni hivi. Kwenye muvi, mwaka 2026 linagunduliwa lango la kale huko jangwani Nevada, wanaliita Ark, ukiingia huku unatokea Mirihi. Ukija 2046 kampuni moja kubwa inaitwa UAC ishajenga maabara kule na maabara mambo yameharibika, wanasayansi wanakimbia kwenye korido wanapiga mayowe, mlango unafungwa unaondoka na mkono wa dada wa watu, basi wanaitwa makomandoo nane ambao likizo yao imefutwa dakika hiyo hiyo. Mkuu wao ni Sarge, huyu ni Dwayne Johnson enzi zile bado anajiita The Rock. Wa pili ni Reaper, Karl Urban, ndo yule yule mliyekuja kumpenda kama Billy Butcher kwenye tamthilia ya The Boys. Reaper ana pacha wake Samantha, Rosamund Pike, ni mtafiti hapo hapo maabara, na wazazi wao walifia huko huko Mirihi kwenye uchimbaji ndo maana kaka mtu hataki hata kupasikia. Hata nembo ya Universal mwanzoni ile dunia inayozunguka wameitoa wakaweka Mirihi. Kitu kidogo ila nilitabasamu, nikasema hawa wako siriasi.

Halafu maabara yenyewe inaitwa Olduvai. Ndio, Olduvai ya Tanzania, bonde lile ambalo mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Wameazima jina kwa sababu na huko Mirihi kwenye stori wamefukua mifupa ya watu wa kale. Fikiria lakini, jina lenyewe sahihi ni Oldupai, ni mkonge mwitu kwa Kimaasai, mzungu wa kwanza alisikia vibaya akaandika vibaya, na sasa kosa lile la tahajia limevuka mpaka sayari nyingine na mwaka 2046 bado hakuna aliyelirekebisha. Mimi hapo nilisimamisha muvi nikacheka peke yangu.

Turudi kwenye lawama kubwa ambayo wapenzi wa gemu hawajaisamehe mpaka leo. Gemu ya Doom, ile ya id Software ya Desemba 1993, stori yake unaweza kuandika kwenye kiganja. Wanajeshi wako kwenye miezi ya Mirihi, Phobos na Deimos, wanasayansi wanachezea malango, lango linafunguka Jehanamu, mashetani yanamwagika, umebaki wewe na bunduki. Imeisha hiyo. Huhitaji maelezo, Jehanamu kila mtu anaijua tangu utotoni, ukimwonyesha mtu pembe na moto keshaelewa. Muvi ikaja ikasema hapana, hakuna Jehanamu wala shetani, kuna kromosomu.

Yani ndugu zangu, kromosomu.

Eti wale watu wa kale wa Mirihi walijiongezea jozi ya 24 ya kromosomu, C24, ikawapa nguvu na akili na wakawa hawaugui, halafu ile C24 baadhi yao ikawageuza mazimwi, wazima wakakimbilia duniani kupitia lango. Binadamu wa kawaida ana jozi 23 hilo ni kweli. Sasa mnajua nani mwingine ana jozi 24? Sokwe. Sokwe na gorila na orangutani wote wana 24, wako porini wanakula majani na matunda yao na hakuna hata mmoja anayerusha gari. Mwandishi angefungua kitabu cha bayolojia cha sekondari angechagua namba nyingine, hata 31, nani angemuuliza.

Ila mimi sikasiriki kwamba wamebadilisha. Gemu ikihama kuwa muvi lazima kitu kibadilike, huwezi kumkalisha mtu saa moja na dakika arobaini na ushee anaangalia mwenzake anatafuta funguo nyekundu. Kinachoniudhi ni walichokiweka badala yake, maana hiyo C24 ina tabia, haimgeuzi kila mtu. Inachagua. Ikikuingia na wewe ndani mwako una ubaya, unageuka zimwi, ikikuingia na wewe ni mtu mwema unakuwa shujaa, mwili unajiponya wenyewe, unapiga ngumi ukuta unapasuka. Na ubaya wenyewe uko kwenye damu, umeandikwa, unaweza kuupima. Yani mtoto wa nyoka ni nyoka, wamemvalisha koti jeupe la maabara. Na ushahidi wao mkubwa ni majaribio waliyomfanyia mfungwa mmoja aliyehukumiwa kifo, muuaji, wakamchoma sindano akawa dubwana, basi nadharia ikathibitika. Mtu mmoja! Hilo shika kichwani nitalirudia.

Kabla ya hapo giza. Aisee lile giza. Kuna sehemu nilidhani skrini imekufa nikagonga kitufe. Muongozaji ni Andrzej Bartkowiak, na huyu kabla ya kuongoza alikuwa mtu wa kamera kwa miaka mingi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni mwanga, ndo akatuletea muvi ambayo unasikia mlio, unaona kitu kama bega, mtu anapiga risasi kumi, kimya, haya twendeni. Najua walikokopi. Mwaka 2004 ilitoka Doom 3 na ile gemu ilikuwa giza kama ndani ya gunia, ila kule giza lilikuwa na kanuni, ukishika tochi huwezi kushika bunduki, ukishika bunduki huoni, kila sekunde unachagua unataka kuona au unataka kupona. Hiyo hofu unaitengeneza wewe mwenyewe na vidole vyako. Muvini makomandoo tochi zimefungwa kwenye bunduki, wanaona na wanapiga, asiyeona ni mimi niliyekaa kwenye kochi.

Na inauma zaidi ukijua walichokuwa wanakificha. Madubwana yale yametengenezwa na karakana ya Stan Winston, mzee aliyeheshimika kuliko karibu wote kwenye hiyo kazi ya mazimwi ya kuvaa na ya mitambo. Sio katuni za kompyuta zile. Ndani ya Hell Knight, lile pande la mtu lisilo na macho ya kueleweka, yumo binadamu kabisa, Brian Steele, kavaa ngozi ile kilo na kilo anahema humo. Pale linapopigana na Destroyer, mmoja wa wale makomandoo nane, kwenye lile shimo la kuta zenye umeme ndo unaliona kidogo vizuri na hapo muvi inachangamka kweli, mijitu miwili mizito, kila pigo unalisikia mbavuni. Nikasema ahaa kumbe mnaweza! Basi mbona dakika nyingine zote mmezima taa?

Wale wanane wenyewe wengi ni wa kufa tu na ukishazoea muvi za hivi unawahesabu kabisa nani anafuata. Mac anaondoka mapema hata sura hujaishika. Portman ni yule mtu mchafu wa mdomo na roho, unamsubiria afe na wakikupa unasema asante. Duke anatongoza Samantha kila penye nafasi, katikati ya maiti. Ila kuna Goat, huyu nitamtetea. Mtu wa dini kupita kiasi, akitaja jina la Mungu ovyo anajichana msalaba mkononi kwa kisu, na mkono mzima umejaa makovu ya misalaba. Hana maneno mengi. Anashambuliwa, anakufa, halafu akiwa chumba cha maiti anaamka na anaelewa anageuka kuwa nini, na kabla hakijammaliza anakipigiza kichwa chake kwenye kioo, tena na tena, mpaka anajiua mara ya pili. Hakuna muziki mkubwa, hakuna hotuba. Sehemu pekee niliyoogopa kwenye muvi nzima ni hiyo na haina zimwi hata moja, ni mtu na kioo. Kama wangeiandika muvi yote kwa mkono ulioandika sehemu ile leo tungekuwa tunaongea mengine.

Haya, dakika tano.

Reaper kaumia vibaya anakufa, pacha wake anamchoma C24, anazimia. Akifumbua macho, ni wewe umefumbua. Kamera imekuwa macho yake, bunduki iko chini katikati ya skrini kama kwenye gemu, na unaanza kutembea. Korido, kona, mlango, anatokea mtu kaoza unampiga, mwingine pembeni unageuka, dubwana linaruka unalipasua, hakuna kukata picha unayoiona wazi, ni mwendo mmoja. Kipande hiki alikisimamia Jon Farhat, bosi wa vifekti, na inaonekana kabisa kuna mtu tofauti kashika usukani maana ghafla taa zimewaka, ghafla kuna utani, ghafla mtu anafurahia kazi yake. Inaishia kwenye pambano na Pinky, fundi kompyuta aliyekuwa na kigari cha magurudumu badala ya miguu, sasa kageuka zimwi na magurudumu yake hayo hayo, na wewe umeshika chensoo. Msumeno unanguruma, damu kwenye kioo cha kamera. Mimi mtu mzima na akili zangu nilikuwa nainamisha kichwa kukwepa.

Wengi wanasema zile dakika tano zingekuwa muvi nzima. Hapana jamani. Dakika thelathini za hivyo unatapika. Zinafanya kazi kwa sababu umeteswa na giza karibu muvi yote, ni kama mtu aliyekunyima maji mchana kutwa halafu akakupa soda baridi, utamu wa soda nusu yake ni kiu. Sijui kama walipanga iwe hivyo, nina wasiwasi hawakupanga, ila imetokea.

Sasa Sarge, maana yeye ndo kanifanya nikae niandike yote haya.

The Rock ndo jina kubwa humo ndani kuliko wote. Unaingia unajua huyu ndo steringi, na steringi hafi. Na muvi inakuachia uamini hivyo kwa muda mrefu tu, ni bosi mzuri, anajua watu wake, anajua Reaper ana kidonda na Mirihi na anampa nafasi abaki asije. Anaongea kidogo. Amri ikitoka juu anaitekeleza, na wewe unamheshimu kwa hilo hilo. Halafu pole pole, bila mtu kukupigia kengele, ile amri inaanza kukaza. Kwanza ni kufunga eneo. Halafu ni kuua kilichoambukizwa. Halafu mazimwi yakishavuka lango kuja upande wa dunia, amri ni kuua kila anayepumua jengo zima, mwenye ugonjwa asiye na ugonjwa. Na mikononi ameshashika BFG, ile bunduki kubwa ya kwenye gemu, ambayo kwa taarifa yenu humu ndani inayeyusha kuta kuliko inavyoua mazimwi, ila ukimwangalia anavyoitazama siku anaipata, zile macho, unaona kabisa mtu kapata mungu wake.

Ndo dogo wao, kuruta wanayemwita The Kid, anarudi anasema nimekuta raia wamejificha stoo, wazima, siwezi kuwaua. Dogo huyu tangu mwanzo ndo alikuwa muoga wa kundi, ndo aliyekuwa anadanganywa na Portman ameze dawa za kumchangamsha, hakuna aliyemtegemea kwa lolote. Na ndo yeye anasema hapana. Sarge anampiga risasi pale pale mbele ya wenzake. Hafoki wala hatetemeki, kama anasaini karatasi.

Sasa rudi kwenye kromosomu nilizosema ushikilie. Wakati anamuua dogo, Sarge hajaambukizwa bado. Hana C24 hata tone. Ni baadaye ndo mazimwi yanamburuta yanampa. Kwa hiyo muvi imetumia saa nzima kunifundisha kwamba ubaya uko kwenye damu, unasubiri sindano tu, halafu ubaya mkubwa kuliko wote humo ndani unafanywa na mtu ambaye hajaguswa na kitu, ni askari mzuri anayefuata amri vizuri. Na dogo, kwa ile sayansi yao, nani alimpima? Hakuna. Alijua tu kwamba hapa hapana. Muvi inajipinga yenyewe uso kwa uso na inapita kama haijaona, dakika chache baadaye Sarge anaanza kuota sura ya zimwi ili na sisi wajinga tuelewe kwamba ni mbaya, wakati sisi tulishaelewa kitambo. Ingemwacha na uso wake wa kawaida mpaka mwisho ningeogopa mara kumi. Zimwi la kuota meno tumeliona kila mahali, zimwi lenye cheo linalokuita kwa jina lako ndo sijalizoea.

Kwa kazi hiyo The Rock alipewa uteuzi wa tuzo za Razzie, zile za kuwadhihaki waigizaji wabovu wa mwaka. Mimi nakataa. Nakubali kuna sehemu anakaza shingo mno, nakubali mistari mingine hata angepewa nani ingechacha mdomoni, lakini huyu mtu baadaye alikuja kuwa anacheza watu wazuri mfululizo na hapa ndo unamuona amekubali kuwa mbaya kweli, mbaya baridi, bila kukonyeza kamera. Natamani angerudi huko. Karl Urban anafanya kazi yake kwa utulivu, ana uso wa mtu ambaye halali vizuri na stori inahitaji uso huo. Rosamund Pike wamempa maelezo ya kusoma, anayasoma kwa heshima zote, maskini, unaona kabisa ni mwigizaji mkubwa anasubiri mtu ampe kitu cha kuigiza.

Pambano la mwisho la Reaper na Sarge, wote wawili wana C24 sasa, walianza kama wanajeshi wakaishia mieleka, yani unakumbuka The Rock alitokea wapi. Sio baya. Anatupwa langoni kurudi Mirihi na bomu la mkono linamfuata nyuma, basi kwaheri Sarge na kwaheri maabara. Muziki ni wa Clint Mansell, magitaa mazito, unasaidia sana pale ambapo picha haisaidii.

Mambo ya hela, walitumia kama dola milioni 60 na dunia nzima ikaingiza kama 58, wiki ya kwanza iliongoza Marekani halafu ikaporomoka kama jiwe. Mwaka 2019 ikaja nyingine, Doom: Annihilation, isiyopita kwenye majumba ya sinema, ambayo wenye gemu yao walisema wazi kwamba hawahusiki nayo. Ile ilirudisha Jehanamu kama watu walivyolia, na ikawa mbovu kuliko hii. Ndo nikajua tatizo halikuwa Jehanamu.

Mimi naipa tano kwa kumi, sita kama siku hiyo nimelala vizuri. Kama umekuja kutafuta gemu nenda kacheze gemu, bado ipo na bado ni tamu. Kama unaiangalia kwa mara ya kwanza zima taa zote chumbani na pandisha mwanga wa skrini mpaka mwisho vinginevyo utaangalia uso wako mwenyewe kwenye kioo, ruka maelezo yote ya C24 hayatakusaidia, na dogo akirudi kutoka stoo usiinuke kwenda popote.